Tumbo la Pamba

Siwema alimlaza Pamba mapajani, tumbo juu, akaanza kumpunguza manyoya kwa mkasi ili watoto wakizaliwa wazipate chuchu kwa urahisi. Paka alikuwa wa Bwana Makame, lakini miaka sita yote ameishi kwa Siwema, na hakumruhusu mtu mwingine kumgusa tumbo. Kwa hiyo Bwana Makame alikaa mlangoni na kikapu chake, akisubiri kumchukua akazalie kwake.

“Tulisema akizaa mara tatu anakuwa wangu,” Siwema alisema bila kuinua macho. “Hii ni ya nne.”

“Wale wa mara ya pili walikufa wote, dada. Waliokufa utawahesabuje?”

“Daktari alisema hatahimili kuzaa tena.”

“Daktari hana paka. Mimi ninaye.” Akacheka kidogo. “Akipona nitamrudisha. Hapa si ndipo kwao?”

Siwema alikata shungi jingine la manyoya. Chini ya vidole vyake kitu kidogo kilipiga teke, na Pamba akafumba macho, akiunguruma kwa raha.

“Bado tu?” Bwana Makame aliuliza, akifungua kikapu.

“Bado.”

Tumbo lilishabaki ngozi tupu. Siwema aliendelea kuufungua mkasi na kuufunga, taratibu, hewani.