Vitumbua Viwili vya Mwalimu

Mwalimu Shomari aliwaagiza watu wazima wa darasa lake la jioni waandike kwa Kiingereza sentensi moja yenye mambo mawili: moja liwe limekwisha kutendeka kabla la pili halijaanza. Wengi waliandika habari za treni na ng'ombe. Mwanahawa, muuza vitumbua, aliandika yake, akampelekea mwalimu daftari kabla hajaghairi.

Mwalimu akaisoma kwa sauti, kisha akawafasiria wote kama kawaida yake: "Kila mwalimu alipofika kibandani, nilikuwa nimekwisha kumwekea vitumbua viwili."

Akairudia kuisoma kimoyomoyo. Miezi mitatu alikuwa akimwambia Mwanahawa kwamba yeye mwalimu ana bahati, kila siku anakuta viwili vya mwisho.

"Haina kosa," alisema, akiifunika kalamu yake nyekundu.

"Najua, mwalimu. Nimeiandika mara kumi."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwanahawa akarudi kwake akiulaumu mkono wake kwa umbeya.

Asubuhi, alipofika kibandani na ndoo yake ya unga, jiko lilikuwa limekwisha kuwashwa. Mwalimu Shomari alikuwa amechutama mbele yake, machozi ya moshi yakimtoka, akipepea makaa kwa daftari la mahudhurio.