Kifua cha Badru

Bi Mwanakombo, mhudumu wa afya anayewatembelea wazazi majumbani, alimkuta Mishi ameketi kitandani, macho mekundu, mtoto wake njiti amefungwa kifuani kwa kanga. Tangu watoke hospitali hakuwa amelala usingizi wa maana.

"Baba yake hakupokei?"

"Hataki hata kumgusa."

Badru, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni. "Yule wa kwanza alinifia mikononi, Bi Mwanakombo. Huyu mwacheni aishi."

Mhudumu hakumbishia. "Huyu anaishi kwa joto la mtu," alisema, "na mama yake amechoka. Vua shati, mwanangu."

Badru akavua taratibu. Mtoto akawekwa ngozi kwa ngozi, kichwa chini ya kidevu cha baba yake, kanga ikakazwa. Badru alibana pumzi. Mtoto naye akahangaika, akitafuta mwendo wa pumzi kama wa mama yake.

"Pumua, baba. Anakusikiliza."

Mishi alikuwa ameshalala, miguu ingali sakafuni. Bi Mwanakombo akaipandisha kitandani, akachukua mkoba wake na kutoka. Badru akabaki katikati ya chumba, akipumua polepole, mtoto akipanda na kushuka pamoja naye.