Mama Mkwe Yuko Jikoni

Siku hizi mzee akipasuliwa, mwili hubaki hospitali na akili hurudishwa nyumbani, isije ikapotea katika usingizi wa dawa. Ndiyo maana nyonga ya mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, ilipokuwa chini ya kisu, mwenyewe alikuwa jikoni kwangu, ndani ya kispika chenye jicho kilichotundikwa juu ya jiko.

"We Sikudhani! Tui zito unalitanguliza unakwenda wapi? Anza na jepesi!"

"Mama, si upumzike? Unapasuliwa."

"Kinachopasuliwa ni nyonga. Macho ninayo."

Niliguna, nikakoroga maharage yangu huku nikimwombea daktari amalize upesi.

Adhuhuri mume wangu akapiga simu kutoka hospitali, sauti imejaa furaha. "Mama ameamka! Akili zake zote zimerudi. Anakusalimu, tena anasema hajaona mwanamke anayepika kama wewe."

Nilishangaa, maana hilo hajalisema tangu niolewe. Hata hivyo nikashukuru, nikachomoa waya wa kispika na kukigeuzia ukutani.

"Haya," ikasema sauti ileile juu ya jiko, "sasa onja chumvi."