Leo Feli, Mwanangu

Kamba ilikuwa bado kwenye mkono wa kulia wa Shigela, lakini mkono wenyewe ulikuwa kama wa mtu mwingine. Haukusogea. Alijaribu kuita, ulimi ukamlalia mdomoni mzito, usitoe hata neno.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi nje ya kijiji cha Kigwa, pale pale anapojificha kila asubuhi kumfundisha mbwa. Mbele yake kulikuwa na tenga lenye kwale hai. Ukivuta kamba, mfuniko unafunguka, ndege anaruka. Mbwa anatakiwa asimame tu, asitikisike mpaka aitwe. Wawindaji wa mjini hawamtaki mbwa anayetangulia mbele ya bunduki.

Mbwa mwenyewe aliitwa Watajiju, jina la kuwajibu majirani waliocheka. Na wacha wacheke! Kila kwale akiruka, Watajiju naye mbio nyuma yake. Akimkosa, anakimbilia nyumbani kubweka mlangoni. Bertila, mke wa Shigela, humrudisha kwa kamba mpaka kwa mumewe.

“Mwanafunzi wako huyu, kafeli tena,” alimwambia jana. “Na wewe kichwa kinakuuma tangu juzi. Twende hospitali, baba Fikiri.”

“Mbwa akifaulu, nitakwenda. Na akiwa kazini, mtu asikanyage nyasi zangu. Mnamvuruga.”

Ubishi wa Shigela, jamani, ulikuwa ugonjwa kabla ya ugonjwa. Sasa alilala shavu chini, nusu ya mwili imekufa ganzi, na aliogopa. Aliogopa sana. Bila mtu kuja, atafia hapo hapo.

Watajiju alisimama mbele ya tenga, pua imeelekea kwa kwale, mkia umenyooka. Shigela alimtazama kwa jicho moja. Leo feli, mwanangu, alimwomba kimoyomoyo. Feli kama jana. Kimbia nyumbani ukabweke.

Aliburuta mkono wa kushoto kidogo kidogo, ukaifikia kamba. Akavuta. Haikutosha. Akakusanya nguvu zote zilizobaki, akavuta tena.

Mfuniko ulifunguka. Kwale alipaa kwa kishindo, akapita juu ya nyasi kuelekea kijijini.

Watajiju alitetemeka mwili mzima. Akanyanyua mguu mmoja. Shigela akabana pumzi.

Mbwa akaurudisha mguu chini, akatulia tuli. Akageuza kichwa kumtazama bwana wake, akisubiri kuitwa.

Ndipo kigelegele kikasikika kutoka njiani. Bertila alikuwa amesimama huko na ndoo ya maji kichwani, ameona kwale akiruka na mbwa akitulia.

“Haya! Amefaulu, baba Fikiri! Sasa huna pa kujificha, kesho hospitali!” alipaza sauti kwa furaha. “Siingii kwenye nyasi zako, usije ukanigombeza. Ngoja nikakupigie pasi shati.”

Akaenda zake nyumbani, akiimba.