Kitabu cha Mbelwa

Zamda hakuweza hata kutazama kuku akichinjwa. Ndiyo maana Habili, mumewe, alishangaa kumkuta jikoni akitetemeka, amekumbatia kitabu kilichotungwa na rafiki yao Mbelwa, hadithi ya muuaji aliyewachuna watu ngozi wakiwa hai.

"Nimetapika mara mbili," alisema Zamda.

"Basi kitupe, mke wangu."

"Siwezi. Sijajua kama yule binti aliyetekwa na muuaji atatoroka."

Habili alikuwa amemtungia Zamda vitabu vinne vya mapenzi. Vyote Zamda alivisoma akipiga miayo, kisha akasema ni vizuri. Wivu ukamshika. Akanyoosha mkono apewe kitabu.

Zamda aligeukia dirishani penye mwanga, akaendelea kusoma huku machozi yakimdondoka. Mkono wa Habili ulibaki umenyooshwa.