Dalia ya Kibumba

Mukakalisa alimshika binti yake mkono kabla kisu hakijakikata kizizi kimoja.

"Hii haiko kiazi, mwanangu. Ni maua ya mama yangu."

Kilikuwa kimechanganyika na viazi walivyobeba wakikimbia vita Kibumba. Kilikuwa chembamba, na shingoni kilikuwa na jicho jekundu lililoanza kuchipua. Dalia ya mwituni. Mama yake aliipanda kando ya mlango, ikarefuka kupita paa, na asubuhi za ukungu maua yake ya zambarau yaliwaangukia mabegani wakienda shambani.

"Mama, batoto beko na njala. Na hapa Goma ni majiwe tu."

Mukakalisa alikigusa kile kijicho kwa kidole. Kisha akachukua moja ya sufuria zao mbili, akaigeuza, akaanza kuitoboa kwa msumari ili maji yasituame kwenye udongo wa dalia.