Boga la Mzee Mbwambo

Kwenye maonesho ya kilimo ya kata yetu, mashine hulinganisha kila zao na yote yaliyowahi kuletwa tangu mwanzo, kisha humwita mshindi. Miaka tisa sasa mkulima amebaki mmoja tu, bibi yangu Nakiete, na bado anakuwa wa pili. Anashindwa na boga la marehemu babu, Mzee Mbwambo, kilo arobaini na moja.

"Bibi, hata marehemu anakutoa jasho?" huwa namtania.

Mwaka huu boga lake lilifika kilo arobaini na tatu.

"Leo utaitwa wewe!"

Akaniomba kisu.

"Nikiitwa mimi, yeye ataitwa na nani?"

Akalikata kipande kikubwa, tukapeleka lililobaki.

"Mzee Elieneza Mbwambo!" spika ikaita.

Bibi akasimama katikati ya viti vitupu.

"Yupo," akaitika.